Tagi inayosomeka juu ya chuma: jinsi ya kuitengenezea antena, kutoka banda la mashine za boti Lamu

Mashine ya boti haikai na namba yake muda mrefu hapa Lamu. Chumvi hula bamba, mafuta hufuta rangi, na ukipita msimu mmoja wa kusi hujui tena kama mashine iliyo mbele yako ndiyo ile uliyoibadilishia pampu ya maji mwezi wa Machi au ni nduguye. Banda letu liko Langoni, hatua chache kutoka ufuoni, na mashine zinatujia kutoka Shela, Matondoni, Manda, mpaka Kizingitini. Tulitaka kuzitambua bila kusugua kutu kwa brashi kila asubuhi. Tukaamua kutumia tagi za redio: zile stika nyembamba zenye chipu ndani, ambazo kisomaji huziita kwa mawimbi nazo zikajibu namba zao, bila betri.

Tuliagiza stika mia moja. Mezani, juu ya kadibodi, kisomaji cha mkononi kilizisoma tangu mlangoni. Tukabandika arubaini kwenye vishikio vya alumini vya mashine, na siku hiyohiyo zote arubaini zikawa bubu. Nilisogeza kisomaji hadi kikaigusa stika. Kimya. Aliyetuuzia akasema tuongeze nguvu ya kisomaji. Tukaongeza hadi mwisho, kimya kilekile. Fedha ile ilikuwa ya watu, imechangwa na wenye boti, na nilisononeka sana. Mwongozo huu nauandika ili mwingine asipite njia hiyo. Vifaa vya kuijengea antena yenyewe havizidi ubao wa jikoni, utepe wa shaba, wembe na subira.

Kwanza elewa chuma kinafanya nini

Stika ya kawaida ni mikono miwili ya alumini yenye chipu katikati. Wimbi la redio likipita husukuma mkondo mdogo kwenye mikono hiyo, na mkondo huo ndio chakula cha chipu. Chipu nyingi za siku hizi huamka kwa nguvu ndogo mno, kama dBm 18 chini ya sufuri (dBm ni kipimo cha nguvu, sufuri yake ikiwa miliwati moja), yaani mikrowati 16 hivi.

Chuma hakikubali nguvu ya umeme ilale sambamba na uso wake. Kila wimbi linapokifikia, elektroni za chumani hukimbia na kutengeneza wimbi la kulipinga, kinyumenyume, kama sura kwenye kioo. Stika iliyolala milimita moja juu ya alumini inapokea wimbi la kisomaji na wimbi la kioo kwa wakati mmoja, na mawili hayo yanafutana. Ni kama watu wawili katika hori moja, mmoja anapiga kasia mbele na mwenzake anapiga nyuma kwa nguvu ileile: maji yanaruka na hori halisogei. Isitoshe, mikono ya stika ikiwa karibu na chuma inageuka kapasita, yaani ghala dogo la umeme, na mlio wake wa asili unahama mbali na masafa ya kisomaji, yaani idadi ya mitetemo ya wimbi lake kwa sekunde, inayopimwa kwa MHz. Ndiyo maana kuongeza nguvu hakukusaidia kitu.

Ungeweza kuiinua stika robo ya urefu wa wimbi kutoka kwenye chuma. Hapo wimbi la kioo hurudi likiwa limechelewa kiasi cha kuungana na lile la kwanza badala ya kulipinga. Kwa 866 MHz robo hiyo ni sentimita 8.7. Sijui nahodha atakayekubali kipande cha ukubwa wa ngumi kichomoze kwenye mashine yake.

Njia inayofaa ni kuacha kukiogopa chuma na kukifanya nusu ya antena. Antena ya kiraka hufanya hivyo. Ni bati dogo juu, bati la chini, na kitu kisichopitisha umeme katikati. Kati ya mabati hayo mawili nguvu ya umeme husimama wima, haikulala sambamba na chuma, na chuma hakina ugomvi na nguvu iliyosimama. Wimbi linatokea kwenye ukingo wa kiraka, pale nguvu inapomwagika nje.

Chagua masafa kabla ya kukata

Visomaji vinavyouzwa mitandaoni ni vya aina mbili kubwa. Vya Marekani hufanya kazi kati ya 902 na 928 MHz, vya Ulaya kati ya 865 na 868 MHz. Kwetu Kenya, simu za GSM hupandisha mawimbi yake kwenda mnarani kati ya 880 na 915 MHz. Kisomaji cha Kimarekani kinaangukia ndani ya njia hiyo na kinaweza kuwaharibia majirani simu. Mimi natumia 865 hadi 868, na hesabu zote zilizo hapa nimezifanya kwa 866 MHz. Kabla hujalipia kisomaji, pata maelekezo ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya kuhusu kifaa hichohicho unachokitaka.

Urefu wa wimbi kwa 866 MHz ni sentimita 34.6. Iandike ukutani, maana utairudia.

Kitu cha katikati: hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika

Vitabu vingi huanza na bao za saketi za nyuzi za kioo, zile za kijani. Zinapatikana, lakini zina ila mbili. Kwanza, zinakula mawimbi: sehemu inayopotea kuwa joto ni kama 0.02, na kwa antena nyembamba huo ni mzigo mzito. Pili, nyingi zina unene wa milimita 1.6. Kiraka chembamba hivyo hurusha kwa shida sana. Nilipopiga hesabu ya kiraka cha bao hilo kwa masafa yetu, nilipata kwamba karibu nne ya tano za nguvu zinaishia ndani ya bao lenyewe.

Mbao je? Kijana wetu mmoja, hodari wa mikono, alichonga kipande kizuri cha mkoko, akakivika shaba, kikasoma vizuri mwezi wa Februari. Masika yalipoingia kikanyamaza. Mbao hunywa maji, na maji yana uwezo wa kushika nguvu ya umeme mara themanini hivi kuliko hewa. Unyevu kidogo tu ukiingia, masafa yanahama. Usitumie mbao, hata iliyopigwa vanishi.

Kitu bora nilichokipata kinauzwa kwenye maduka ya vyombo: ubao mweupe wa plastiki wa kukatia mboga. Hakikisha ni wa polithini nzito, ile inayoteleza mkononi kama nta na isiyovunjika ukiipinda. Polithini ina thabiti ya daielektriki, yaani uwezo wa kushika nguvu ya umeme ukilinganishwa na hewa, ya 2.3, hainywi maji, na upotevu wake ni mdogo mara nyingi kuliko ule wa bao la kijani. Chukua wenye unene wa milimita 5. Unene ukiongezeka mara mbili, kiraka hurusha karibu mara mbili na hukubali masafa mapana zaidi, kwa hivyo usifanye ubahili hapa.

Polithini ina kasoro moja: gundi haishiki. Tutaikwepa kwa kuifunga shaba kuzunguka, ili utepe ujishikilie wenyewe.

Hesabu ya urefu

Kiraka kizima huhitaji nusu ya wimbi. Lakini ukiunganisha ncha moja ya bati la juu na bati la chini kwa ukuta wa shaba, robo inatosha, na tagi inakuwa fupi nusu kwa nusu. Robo hewani ni milimita 86.5. Ndani ya polithini wimbi hufupika kwa kipeuo cha pili cha 2.3, yaani 1.517. Gawa: 86.5 kwa 1.517 ni milimita 57.

Halafu usikate 57. Nguvu inamwagika kidogo nje ya ncha iliyo wazi, na kidirisha tutakachokata kitaulazimisha mkondo kuzunguka. Yote mawili huifanya shaba ijione ndefu kuliko ilivyo. Urefu wa mwisho utakuwa chini ya 57. Hata hivyo anza na 60, kwa sababu kupunguza ni kazi ya wembe, na kuongeza ni kuanza upya.

Chipu, na kwa nini usishike chuma cha kuchomelea

Chipu si taa ya kuwekwa popote. Ndani yake imekaa kama ukinzani na kapasita kidogo sambamba. Tuseme ni omu 1500 na pikofaradi 0.85, vipimo vya kawaida. Kwa 866 MHz hiyo ni sawa na omu 30 za ukinzani mfululizo na omu 212 za upande wa kapasita. Ili antena ikabidhi nguvu yote, nayo inatakiwa kuwa na omu 30 za ukinzani na omu 212 za upande wa pili, upande wa koili. Koili ya kuleta omu 212 hapo ni nanohenri 39. Zikilingana, mzigo wote unashuka gatini. Zisipolingana, nguvu inarudi ilikotoka.

Kutengeneza hizo nanohenri 39 na kuchomelea chipu isiyofikia nusu milimita ni kazi ya kiwandani. Lakini itazame stika ya kawaida dhidi ya mwanga. Katikati, kuizunguka chipu, utaona kitanzi cha mstatili, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Hicho kitanzi ndicho koili ya chipu hiyo, na mtengenezaji amekwisha kukilinganisha nayo. Chukua mkasi, kata mikono yote miwili, bakiza kitanzi na chipu yake pamoja na ukingo mwembamba wa plastiki. Zile stika zangu bubu hazikutupwa. Thelathini na saba kati ya arubaini nilizibandua, nikazikata vitanzi, na bado zinafanya kazi.

Usijaribu kuichomelea alumini ya stika. Bati la kuchomelea haliishiki na plastiki yake inayeyuka. Haihitaji kuguswa: kitanzi kitapokea nguvu kutoka kwenye kiraka kwa usumaku, kama transfoma.

Kutengeneza

Kata ubao: urefu milimita 75, upana 30. Piga msasa kingo mpaka zisikwaruze ukucha.

Kata utepe wa shaba kipande kimoja, upana 30, urefu 140. Ni muhimu kiwe kimoja. Utepe wenye gundi nyuma, ukiunganisha vipande viwili, gundi inakaa kati ya shaba na shaba na mkondo unapita kwa wasiwasi. Kipande kimoja hakina kiungo. Unene wa shaba usikusumbue: kwa masafa haya mkondo hutembea kwenye ngozi ya juu tu, mikromita mbili na kidogo, na utepe wowote ni mnene kupita hapo.

Laza ubao juu ya utepe ili milimita 75 zifunike chini yote. Panda na utepe kwenye ncha moja, milimita 5, huo ndio ukuta. Kisha laza zilizobaki, milimita 60, juu. Upande wa pili wa juu utabaki na milimita 15 za plastiki tupu. Hiyo ndiyo ncha wazi. Sugua shaba kwa mgongo wa kijiko hadi ilale bila mapovu, hasa kwenye kona ya ukuta. Pakiinuka hapo, urefu wako umebadilika bila wewe kujua.

Sasa kidirisha. Kwenye ukingo mrefu wa bati la juu, ukianzia milimita 5 kutoka ukutani, kata mstatili wa milimita 18 kwa 9 na uondoe shaba. Mkondo una nguvu zaidi karibu na ukuta. Mkondo huo ukikuta kidirisha utabanana kukizunguka, na usumaku wake utapita katikati ya kitanzi. Weka kitanzi juu ya kidirisha, kingo zake zikipanda kidogo juu ya shaba, na ukishike kwa gundi ya karatasi kwa muda. Ukikiweka juu ya shaba iliyojaa, bila kidirisha, kitakufa kama zilivyokufa stika zangu.

Kulenga masafa kwa wembe

Tagi haipimwi mezani. Ibandike kwanza kwa utepe wa muda juu ya chuma chenyewe, au kipande cha alumini chenye ukubwa unaokaribia.

Natumia NanoVNA, kifaa cha mkononi cha bei ya wastani kinachoonyesha antena inalia kwa masafa gani, nikiwa nimechomelea kwenye ncha ya kebo kitanzi cha waya chenye upana wa sentimita moja. Kisogeze kitanzi hicho juu ya tagi, umbali wa kidole, na uangalie mstari wa mrejesho kati ya 700 na 950 MHz. Pale tagi inapolia, mstari utazama. Usikikaribishe mno, kwani kitanzi chenyewe huvuta masafa.

Unaweza kuona mizamo miwili. Ili kujua upi ni wa kiraka, gusa ncha wazi kwa kidole: mzamo wa kiraka utaruka chini papo hapo. Ukigusa upande wa ukuta hautikisiki. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilirudia kama mtoto, kidole huku, kidole kule, maana ni kuuona kwa macho ule umeme uliosimama wima nchani na kulala mfu ukutani.

Tagi yangu ya kwanza ilizama 794 MHz. Chini mno, kwa hiyo ni ndefu mno. Masafa na urefu vinakwenda kinyume kwa uwiano karibu sawa: asilimia moja ya urefu ni asilimia moja ya masafa. Nilikata shaba ya ncha wazi kwa wembe na rula, nikabakiza 57: ikapanda 835. Nikabakiza 55.5: 858. Nikabakiza 54.5, ikasimama 874.

Kwa nini nilipitiliza 866? Kwa sababu ya epoksi inayokuja, ile gundi ngumu ya kuzuia maji. Itakaa juu ya ncha wazi na kuishusha tena.

Baada ya masafa, shughulika na kitanzi. Weka kisomaji mita moja kamili kutoka kwenye tagi, juu ya kitu kisichosogea, na upunguze nguvu yake hatua kwa hatua mpaka tagi inyamaze. Andika namba. Sogeza kitanzi milimita moja ndani ya kidirisha, rudia. Kuelekea ukutani mshiko unazidi. Kuelekea ncha wazi unapungua. Mahali bora pako katikati na hupatikana kwa kujaribu tu. Yangu ilianza kunyamaza kwenye 27 dBm na mwisho ikawa inajibu hata kwa 19.

Usipime ubora kwa kurudi nyuma na kisomaji mkononi ukihesabu hatua. Mabati ya paa na mashine zilizopangwa hurudisha mawimbi, na utasoma vizuri mita tano, usisome mita nne, usome tena mita sita. Umbali mmoja, nguvu inayopunguzwa: hapo namba haidanganyi. Nusu siku nzima nilipoteza kabla ya kulikubali hilo.

Utasoma kutoka umbali gani?

Kisomaji cha kusimikwa, chenye wati 2 kwa kipimo cha Ulaya, antena yake ikiwa ya mzunguko (wimbi lake hujizungusha likisafiri), na tagi iliyolingana bila upotevu wowote, kitaifikia chipu ya dBm 18 chini ya sufuri kutoka kama mita 9. Kila desibeli 6, yaani hatua 6 za kipimo hicho cha dBm, zinazopotea hukata umbali nusu. Tagi ya mkono hupoteza kwenye ulinganifu, kwenye shaba, kwenye epoksi. Zikipotea desibeli 9 utabaki na mita 3 hivi. Kwa banda letu zinatosha na kubaki. Ukiona mtu anatangaza mita 15 juu ya chuma kwa tagi ya ukubwa huu, muulize kisomaji chake kina nguvu gani.

Chumvi

Kwa bara sehemu hii ingekuwa aya moja. Kwa kisiwani ndiyo inayoamua kama tagi itaishi.

Osha tagi kwa spiriti, ikauke kabisa, na usiiguse tena kwa vidole vitupu. Jasho nalo ni chumvi. Paka epoksi nyembamba, iache ishike, kisha ya pili. Kwenye ncha wazi ongeza hadi milimita 2, kwa sababu pale ndipo umeme unapomwagika nje, na tone la maji ya bahari likitua karibu nao linavuta masafa kama kidole kilivyovuta. Epoksi iliishusha ile tagi yangu kutoka 874 hadi 867, na ndicho nilichokitaka. Pima kipande kimoja kwanza kabla ya kupaka kumi, maana kila epoksi ina tabia yake.

Angalia kona. Shaba ikionekana hata kama nywele, maji yatapita chini yake na utaikuta ya kijani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na hapa ukuta ni kutengeneza tagi upya.

Kisha jambo ambalo mafundi wengi hulikosea kwa nia njema. Wanadhani bati la chini lazima liguse chuma cha mashine, wanakwangua rangi na kufunga kwa skrubu. Shaba ikigusana na alumini kwenye maji ya chumvi huwa betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Baada ya miezi utapata kishikio kilichotobolewa. Wala mgusano hauhitajiki. Bati la chini la milimita 75 kwa 30, likitenganishwa na chuma kwa gundi yenye unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita, ni kapasita ya zaidi ya pikofaradi 500, ambayo kwa 866 MHz ina chini ya nusu omu. Kwa mawimbi, vimeunganishwa. Kwa chumvi, vimetengana. Acha rangi ya mashine ilivyo, paka epoksi chini ya tagi pia, kisha bandika kwa utepe wa gundi ya pande mbili wa kazi za nje.

Mahali pa kuiweka

Kwenye mashine ya boti usiiweke kwenye kifuniko cha juu. Kinavuliwa, kinaazimwa, na nimekutana na kifuniko cha mashine moja juu ya nyingine mara nyingi. Iweke kwenye kishikio kinachobana boti, upande wa nje, penye nafasi bapa.

Elekeza ncha wazi juu na ukuta chini. Ami mmoja wa Matondoni, fundi wa majahazi, alinitazama nikibandika ya kwanza kinyume akaniuliza, "Mwanangu, maji yakishuka yatakaa wapi?" Nikamwambia chini. "Na huo upande unaouogopea maji uko wapi?" Nilibandua nikageuza. Maji hujikusanya ncha ya chini, na ukutani hayana madhara.

Kisomaji cha antena ya mzunguko hakijali tagi imesimama au imelala. Chenye antena ya mstari, ambayo wimbi lake hukaa katika mwelekeo mmoja, kinajali sana. Kishike kiwe na mwelekeo mmoja na tagi.

Mitungi ya gesi, ile inayopandishwa vichochoroni kwa punda kutoka gatini, nayo inafaa kwa tagi hii. Mtungi ni mviringo, kwa hiyo laza tagi wima, kufuata urefu wa mtungi, ili mpindo uwe kwenye upana wa milimita 30 tu. Upenyo mdogo utakaobaki pembeni hauharibu kitu, kwa kuwa tagi ina bati lake la chini. Usiiweke ndani ya ile pete ya juu inayolinda vali, chuma cha pete kitaifunika. Na kamwe usitoboe, usichomelee, wala usikwangue mtungi kwa ajili ya tagi.

Ukibadilisha kutoka mashine kwenda mtungi, pima upya mzamo. Ukubwa wa chuma kilicho chini husogeza masafa kidogo, na kiraka cha namna hii hukubali MHz chache tu kila upande.

Ukitaka kusoma kwa simu

Hiyo ni teknolojia nyingine, ya 13.56 MHz, na hufanya kazi kwa sentimita chache tu. Antena yake ni koili bapa, na chuma huipinga kwa namna tofauti: mikondo huzunguka ndani ya chuma chini ya koili na kuupunguza usumaku wake, indaktansi, yaani uwezo wa koili kushika usumaku, inaanguka na masafa yanapanda. Dawa ni karatasi ya feraiti, kitu cheusi kinachopitisha usumaku, kati ya koili na chuma. Usumaku hupita ndani ya feraiti badala ya kuzama chumani. Chipu nyingi za aina hii zina pikofaradi 50, zinazohitaji koili ya mikrohenri 2.75, lakini feraiti huipandisha indaktansi hiyo na chuma huishusha. Kwa hivyo sikushauri kuunganisha stika yoyote na feraiti yoyote. Nunua zilizokwisha kutengenezwa pamoja kwa ajili ya chuma. Baadhi ya manahodha wetu wamewekewa hizo ndani ya kifuniko, ili waone kwa simu tarehe ya kubadilisha oili.

Daftari

Kila tagi ikishabandikwa, pima nguvu ndogo inayoiamsha kutoka mita moja na uiandike kando ya namba ya mashine. Mashine ikirudi kwa sevisi, ioshe kwa maji matamu, ifute, pima tena. Tofauti ya desibeli moja ni mkono tu. Ikipanda tatu, maji yameanza kuingia mahali: chunguza kona za upande wa ncha wazi kwanza, halafu kitanzi. Yenye ufa wa juu juu naikausha juani siku moja na kuipaka tena. Iliyogeuka kijani naibandua, naokoa kitanzi kama chipu bado inajibu, na ule ubao mweupe naukwangua kwa ajili ya tagi nyingine.